Pengo la Kukhu

Kiti cha kwanza nilichopewa kazini, katika kliniki ya meno mjini Kitale, kilikuwa na tabia ya kushuka chenyewe. Unampandisha mgonjwa kwa kukanyaga kanyagio mara kumi, unageuka kuchukua kioo, ukirudi unamkuta amezama na kidevu chake kiko usawa wa magoti yako. Fundi alikuja mara tatu. Kila mara alikipaka grisi, akakisifu kwamba ni chuma cha zamani, chuma halisi, akaondoka zake. Ninyi vijana mliokuta viti vya umeme huwa mnashangaa kwa nini mimi namaliza kung'oa jino kabla hamjavaa glavu ya pili. Ni kwa sababu ya kile kiti.

Nimestaafu mwezi uliopita, na mmeniomba niwaachie kitu cha kusoma. Ninayo madaftari kumi na manne. Nilizaliwa Kachibora, kwa baba aliyeandika kila gunia la mahindi lililotoka shambani, na tabia hiyo ikanifuata hadi kwenye vinywa vya watu. Habari za vyeo sitaandika. Hizo ziko kwenye faili ofisini, na panya wameshazisoma.

Siku yangu ya kwanza mgonjwa alikuwa askari polisi, mtu wa miraba minne, aliyeumwa na gego la chini. Nilipoinua koleo alinishika mkono. "Ngoja kwanza, daktari. Wacha niombe." Aliwaombea wazazi wake, kituo chake cha polisi, na mwishowe mimi, ili Mungu aniongoze mkono. Alipofika amina kiti kilikuwa kimefika chini kabisa, nami nikalitoa lile jino nikiwa nimepiga magoti. Wagonjwa waliochungulia mlangoni waliamini kuwa huo ndio utaratibu wetu mpya.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa Mzee Ndiwa, mtu wa Mlima Elgon, mhudumu wa kliniki. Yeye alichemsha vyombo, akaita wagonjwa na kushika vichwa vya watoto. Alinionyesha jinsi ya kuficha sindano nyuma ya kiganja, na jinsi ya kupasha moto kile kioo kidogo cha kinywani kwenye shavu langu mwenyewe ili kisipate ukungu. Lakini funzo lake kubwa lilihusu benchi la korido. Akina mama walikaa pale na watoto, na mtoto akianza kusumbua, mama alinyoosha kidole kuelekea mlangoni kwangu. "Nyamaza! Daktari atatoka na ile chuma!" Mtoto alinyamaza, kisha akaingia ndani akiwa mgumu kama ubao.

"Unaona?" Mzee Ndiwa aliniambia. "Kabla hujamuuliza mtoto anaumwa wapi, uliza kwanza ameambiwa nini."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la pili, nikayapigia mstari, kisha nikayasahau kwa miaka mingi.

Nilihamishiwa Bungoma miaka ya elfu mbili ilipokuwa michanga. Huko kiti kilikaa pale ulipokiweka. Huko pia ndiko nilikokutana na Nafula, na kama mtasoma jambo moja tu katika maandishi haya, someni hili.

Nafula alikuwa na miaka minane, wa kimo cha mtoto wa mitano. Alizaliwa na hali ya Down: macho yaliyoinuka pembeni, shingo fupi, ulimi uliopenda kukaa nje ukipunga hewa. Mama yake aliuza sukuma wiki na nyanya katika soko la Chwele. Alimleta mgongoni, ingawa mtoto alijua kutembea vizuri, kwa sababu akitembea mwendo mrefu midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Moyo wake ulikuwa na tundu.

Mama Nafula alitoa barua kutoka ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mfuko mwingine. Ilitoka kwa madaktari wa moyo wa hospitali ya rufaa Eldoret. Walikuwa wamekubali kulishona lile tundu, lakini kwanza walitaka barua ya mtu wa meno kwamba kinywa cha mtoto ni safi. Uchafu wa fizi huingia kwenye damu, na damu huupeleka moja kwa moja kwenye moyo. Barua ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Isipofika, nafasi yake apewe mtoto mwingine.

Siku hiyo zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku mbili.

"Kwani mmechelewa wapi?" niliuliza, kwa ile sauti yetu ya kliniki ambayo natumaini ninyi mtaiacha.

Hakukasirika. Alinihesabia kwa vidole. Mahali pa kwanza aliambiwa, "Mrudishe akikua." Mahali pa pili walimfunga mtoto kwa leso, mikono na miguu, wanaume wawili wakamshika. Alilia hadi midomo ikawa ya buluu, mama akamnyakua akakimbia naye, leso ikaburura chini. Mahali pa tatu mtu alimtazama Nafula, akamuuliza mama mbele ya foleni nzima, "Na huyu, anaelewa kweli?"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia, anaelewa sana. Ndiyo maana amefunga mdomo."

Nilicheka, naye akacheka, na nadhani ndipo tukawa marafiki. Kisha akaanza kujilaumu. Dawa za kifua za maji zina sukari, na Nafula alikuwa amezinywa tangu utotoni. Uji wake ulitiwa sukari nyingi ili apate nguvu. Meno yalichelewa kuota hadi majirani wakasema mtoto huyu hatapata meno kamwe, hivyo yalipoota familia ilishangilia na hakuna aliyefikiria mswaki. Nilimwambia ukweli: fizi za watoto wenye hali ya Down huugua upesi, hata kwa wazazi wanaopiga mswaki kama mashine. Hakuniamini, lakini alilegeza mabega.

Tatizo lilikuwa hivi. Mtaalamu wetu wa kulaza wagonjwa usingizi aliusikiliza moyo wa Nafula, akatikisa kichwa. Hangemlaza pale kwetu. Kumshika kwa nguvu tulishajua kunafanya nini. Ilibaki njia moja tu, Nafula afungue mdomo kwa hiari yake.

Nafula alikuwa na mpango tofauti. Alisimama mlangoni, akakitazama kiti, akaketi sakafuni na kufunika mdomo kwa mikono miwili. Nilimwimbia. Nilimletea mwanasesere. Nilijipiga mswaki mbele yake hadi fizi zangu zikauma. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama jirani aliyechanganyikiwa. Mama yake alipobembeleza, alisema neno moja tu, "Hapana," waziwazi na kwa adabu.

Alirudi baada ya siku nne, nasi tukacheza mchezo uleule. Mara ya tatu alikubali kuingia, akapanda kitini peke yake, akakaa wima kama bibi harusi. Nikajua tumeshinda. Nilipochukua kioo, akafunga mdomo na kubonyeza vidole viwili hapa, chini ya mdomo, katikati ya kidevu. Hakuvitoa tena hadi walipoondoka.

Siku ya soko la Chwele tulikuwa na kazi ya kupima watoto katika shule moja ya huko. Jioni iliyotangulia nilikaa na daftari nikaandika nilichokiona, na nilipoandika neno "vidole" nikasita. Nilikuwa nimeona gego lake bovu siku alipopiga chafya. Lilikuwa kulia, nyuma. Mtoto anayeumwa na gego la kulia hushika shavu la kulia. Kwa nini yeye alilinda meno mawili ya mbele, ya chini? Nilipekua madaftari hadi nikalifikia la pili, kwenye ule mstari wa Mzee Ndiwa.

Kesho yake, kazi ya shuleni ilipokwisha, nilimkuta Mama Nafula sokoni kwenye nyanya zake.

"Nafula ameambiwa nini kuhusu meno?"

"Hakuna kitu, daktari. Mimi hata simtishi."

"Ukija sokoni anabaki na nani?"

"Na kukhu yake. Mama ya bwana yangu. Huyo anampenda kuliko sisi wote."

Kukhu kwa Kibukusu ni nyanya, bibi. Tulimwachia jirani nyanya za kuuza, tukaenda kumwona kukhu.

Alikuwa uani, akipukuchua maharagwe, Nafula kando yake akiyapanga mstari mmoja mmoja. Mtoto aliponiona akafunika mdomo. Kukhu alinipima kutoka viatu hadi nywele.

"Wewe msichana ndiye unang'oa watu meno? Na hiyo mikono laini hivyo?"

"Ni mimi, kukhu."

"Ati mnadunga sindano kwanza."

"Ndiyo, ili isiume."

"Heh!" Aligeuka kumwangalia mkwe wake. "Isiume! Wacha nikuonyeshe mwanamke." Akafungua kinywa. Mbele, chini, palikuwa na pengo la meno mawili, safi na nyoofu kama lililopimwa kwa rula. "Mimi nilitolewa haya nikiwa msichana. Mzee alikuja na chuma yake, tukapangwa sisi sita. Hakuna sindano, hakuna nini. Wenzangu walilia mpaka mbwa wakalia. Mimi nililia?"

"Hukulia," alisema Mama Nafula, kama mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi.

"Sikulia!"

"Na yalitolewa kwa nini?" niliuliza, kalamu tayari mkononi.

"Si ni urembo! Na tena ukiugua, taya ikifunga, watu wanakunywesha uji kwa hapo. Ilikuwa akili hiyo, bana. Leo mtu akifunga mdomo mtamlisha wapi?"

Sote watatu tulimwangalia Nafula, aliyekuwa ameufunga wake.

"Kukhu," nilisema polepole, "hadithi hii Nafula anaijua?"

"Anaijua! Kila siku ya kuja kwako namwambia asubuhi. Namketisha hapa, namwambia: nenda, ukae kama kukhu, mzee akileta chuma usilie. Namwonyesha na mwiko." Akachukua mwiko, akageuza mpini, akauelekeza kwenye kidevu cha mjukuu wake.

Nafula aliangusha maharagwe yote na kubonyeza vidole viwili palepale.

Kukhu akabaki na mwiko hewani. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye nimemfunga?"

Mama Nafula alitazama chini; mkwe hawezi kumwambia mavyaa wake ndiyo, na huyu alikuwa amebeba mtoto mgongoni miezi mingi akilaumiwa na kila mtu, pengine hata ndani ya ua ule, kwamba hajui kumlea. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Aliinama akaanza kuokota maharagwe.

"Nilikuwa nampa moyo," kukhu alisema.

"Najua, mama," Mama Nafula alimjibu. "Hata mimi nilikuwa nasikia, na sikujua."

Kukhu aliweka mwiko chini. "Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema.

"Basi nitakuja. Aliyefunga ndiye anajua fundo."

Nilidhani atakuja kushika mkono wa mjukuu. Asubuhi ya siku tuliyopangiana alifika na kitambaa cha kanisani kichwani, akapita foleni yote bila kuomba radhi, akapanda kwenye kiti yeye mwenyewe.

"Nianze mimi," alisema. "Nafula, kuja uone kama nitalia."

Haikuwa imepangwa hivyo, lakini mtu mwenye busara hakatai zawadi. Nilimpa Nafula kioo kingine, nikamwonyesha kukipasha moto shavuni. Akakipasha kwenye shavu la kukhu, kisha langu, kisha la mama yake, na kwa haki kabisa kwenye la mlinzi aliyekuja kuuliza nani amepita foleni. Tukamhesabu kukhu meno. Nafula alijua moja na mbili vizuri, kwa hiyo kinywa kizima kilikuwa moja, mbili, moja, mbili. Alipofika kwenye pengo alisimama, akaingiza kidole, akacheka. Niliambiwa baadaye kwamba amelichezea pengo lile tangu akiwa mchanga.

Saa moja kabla ya hapo mama yake alikuwa amemnywesha antibiotiki ya kulinda moyo niliyompa, iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, na msithubutu kuisahau kwa mtoto wa namna hii. Kisha zamu ikawa ya Nafula: kukhu alibaki kitini na Nafula akapakatwa, wima. Sikumlaza chali. Shingo zao ni legevu, na ulimi humziba mtoto akilala. Sehemu ya hofu yao ni kukosa pumzi tu, nasi huiita ukaidi.

Alifungua mdomo. Sio sana, upana wa maharagwe mawili, lakini alifungua. Gego nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba fizi ya mbele ilikuwa na usaha, na meno yaliyokuwa yamelegea, ya kutoka siku hiyo, yalikuwa yaleyale mawili ya chini.

Nilimnong'oneza kukhu. Nilikuwa tayari kusema uongo kidogo, ule wetu wa kila siku: tunaangalia tu, hatutoi kitu. Kukhu alinikatiza.

"Hapana. Huyu hatadanganywa tena." Akamgeuzia Nafula uso. "Sikiza, mjukuu. Meno mawili yatatoka. Haya. Yameoza chini. Mimi nilikudanganya, hakuna mzee, hakuna chuma kubwa. Ni huyu msichana, na ana dawa ya kufanya yalale. Ukisikia uchungu, unanifinya, na mimi ninamfinya yeye."

Nafula alinitazama mikono, kisha akamtazama kukhu. Mama yake alikuwa amesimama ukutani, ameukumbatia mfuko wa plastiki wenye barua. Kisha Nafula akafungua, safari hii upana wa kikombe.

Nilipaka ganzi, nikangoja, nikadunga sindano nikiwa nimeificha nyuma ya kiganja kama nilivyofundishwa. Kukhu alinong'ona juu ya kichwa changu kwamba yeye hakupewa hiyo. Meno yalitoka kama punje za hindi bichi. Nilifinywa mara moja tu, na nina hakika kukhu alinifinya kwa hiari yake, bila kufinywa na mtu.

Nafula akaomba kioo. Alijitazama. Akamgeukia kukhu, akamfungua mdomo kwa vidole, akatazama mle, akajitazama tena. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika hadi benchi la korido, "Kukhu!" Hakuwa akimwita. Alikuwa akijitaja.

Kikongwe yule ambaye hakulia alipong'olewa meno na chuma alilia kwenye kiti changu, nikalazimika kumpa pamba.

Wiki iliyofuata Nafula alifika, akapanda kitini kabla sijamwita, tukatoa gego na kusafisha fizi. Nilimpa mama mswaki nilioufunga mpira wa mshikio wa baiskeli ili kiganja kifupi kiushike. Jaribuni, fundi yeyote wa baiskeli anao mpira wa kutupa. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Niliandika barua: kinywa hakina maambukizi. Nafula aliona muhuri wa kliniki mezani, akanyoosha mkono. Alipiga mihuri mitano, mmoja ukiwa juu ya jina langu. Mama Nafula aliniambia daktari wa moyo aliigeuza barua huku na huku, akasema hajawahi kupokea barua rasmi kiasi kile.

Tundu lilishonwa. Nafula alirudi kuniona akitembea kwa miguu yake kutoka stendi, midomo yake ikiwa na rangi ya midomo.

Sasa kosa langu, ili daftari liwe kamili. Niliwaahidi kwamba meno ya ukubwani yataota pale mbele. Moja liliota, kwa kuchelewa sana. La pili tulilingoja. Kila walipokuja nilibonyeza ufizi, nikasema bado kidogo. Mwishowe nilimpeleka kupigwa picha, na chini ya ufizi hapakuwa na kitu. Watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa bila baadhi ya meno; nilipaswa kupiga picha kabla ya kuahidi, na kumwambia mama mapema. Yale mawili ya utoto yangetoka tu, lakini ahadi haikuwa ya lazima. Niliwaomba radhi wote watatu.

"Wewe msichana, acha kulitafuta," kukhu alisema. "Hilo pengo nimewekewa mimi."

Kukhu alizikwa miaka kadhaa iliyopita. Nafula sasa ni mwanamke mzima, anapanga nyanya za mama yake sokoni kwa mistari ambayo hakuna muuzaji mwingine anayeiweza. Wiki niliyostaafu nilipita Chwele kuwaaga. Mteja mmoja, mtu wa maswali kama mimi, alimwona akicheka, akamuuliza jino la pale mbele limekwenda wapi.

Nafula aliweka nyanya chini, akagusa pengo kwa kidole kimoja.

"Si langu," alisema. "Ni la kukhu."